Udi Uliotangulia Sambusa

Kajificheni, Mji Mkongwe
Jumapili, baada ya alasiri

Mpendwa dada yangu Mwanamwema,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Wete, unakula vizuri na unapata usingizi, maana kwenye simu sauti yako imekuwa ya mtu anayehudumia wagonjwa mchana na kusoma hadi alfajiri. Huku sote wazima. Goti la Bibi limepona, na nitakueleza ni goti gani. Mwanao Tahir mzima, ameota jino la mbele na ameshalikataza mswaki. Mimi nami mzima, ila nina jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, na nimeona nianze nalo, kwani nikishalitoa hili mengine yatakuwa mepesi. Kila siku kabla ya magharibi, mimi Nusrat, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ninampa mkono twiga wa plastiki na kumwambia, "Karibu tena, tusalimie wa kwenu." Siwezi kufanya kwa mzaha. Nikicheka haikubaliwi, na inabidi nirudie mwanzo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Ukipiga tu, Bibi anaweka spika, Bi Biasha wa ghorofa ya chini anapanda ngazi kukusalimia kidogo na kukaa saa mbili, na mimi nikipewa zamu yangu ninasema "salama" mara nne kisha ninairudisha. Barua hii anakuletea binamu yetu Junaid. Nimeifunga kwa gundi na nimemwambia ndani mna maswali ya bayolojia, kwa hiyo haitafunguliwa njiani. Nakuomba usimsomee mtu. Na ukifika mahali pa kukasirika, kunywa maji kwanza, uendelee.

Unakumbuka tulipokwambia kwamba Bibi ameteleza kidogo? Aliteleza juu ya gari la polisi. Ni lile dogo la Tahir, lenye king'ora kilichokufa. Bibi alikuwa ametoka jikoni na sinia la mikate ya chila, akalikanyaga, akaenda nalo hatua kama tatu akiwa amenyooka kabisa kama mtu aliyekusudia safari, kisha akakaa chini, na chila zikamtangulia hadi chini ya kabati. Tahir alimzunguka, akaliokota gari lake, akalirudisha kwenye mstari.

Mstari wenyewe tangu uondoke ulikuwa umerefuka. Ulianzia mlango wa jiko ukaishia kitandani kwa Bibi: magari kumi na moja, samaki wa mbao saba, vizibo vya soda visivyo na idadi, vikombe sita vya kahawa ambavyo ni vya Bibi mwenyewe, na wanyama wa plastiki wakiongozwa na twiga. Ukisogeza kimoja, Tahir alipiga kelele mpaka waliokaa barazani chini wakainua vichwa kutazama madirisha yetu.

Jioni ile Bibi alisema ameshachoka, kwamba yeye mtu mzima hawezi kuvuka chumba chake mwenyewe kama anavuka barabara pale Darajani, akitazama kulia na kushoto. Akampigia mkweo, Bi Ummkulthum, huko Kizimbani. Wakazungumza muda mrefu na kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Wakakubaliana siku arubaini. Zikipita, na chumba bado hakipitiki, Bi Ummkulthum atakuja kumchukua Tahir akaishi naye mpaka utakapomaliza masomo. Maana yake angeacha darasa lake, kwani Bi Ummkulthum hana mtu wa kumleta mjini kila asubuhi. Shemeji Khatib alipigiwa Mtwara akasema ndiyo kwa mama yake, kisha akasema ndiyo kwa Bibi, kama kawaida yake. Na wote wakaona wewe usiambiwe, usije ukafunga virago ukaacha mitihani. Mimi nilikuwepo, nimesimama ubavuni mwa kabati. Waliponitazama nilisema, "Sawa, Bibi." Nisamehe kwa hilo kwanza.

Siku ya pili nikaenda maktaba. Nilipata kitabu kimoja kuhusu kuwazoesha watoto kupanga vitu vyao vya kuchezea, chenye picha za chumba cha mtoto mmoja kilicho kikubwa kuliko ghorofa yetu nzima. Nikaandika ratiba kwa kalamu za rangi tano, nikaibandika ukutani. Tahir aliipenda sana. Aliibandua akaipanga nyuma ya twiga. Nikatunga wimbo wa kupanga vitu, beti nne zenye vina, nikauimba. Tahir akaziba masikio. Sikumlaumu, kwani nilipogeuka niliona Bibi naye ameziba. Siku ya tatu nikachukua kapu kubwa la ukili, nikasema tutatia kila kitu humu, basi. Dada, nilichanganya samaki na magari. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akavitoa kimoja kimoja, akavipanga upya, na kapu tupu akanivika mimi kichwani. Bi Biasha, aliyekuja kuuliza kulikoni, alinisalimia nikiwa ndani yake.

Ndipo nikapata ujasiri wa kwenda kumuona mwalimu wake, Mwalimu Maryam. Nilisimama mlangoni mwa darasa mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, mimi ni mama mdogo wa Tahir. Aliniambia kwamba kumwambia mtoto kama Tahir "panga vitu vyako" ni sawa na kumwambia mtu "safiri" bila kumwambia aende wapi. Akasema usonji haumfanyi mkaidi. Yeye Tahir anatuona sisi ndio wakaidi, tunaovunja kazi yake kila siku bila sababu. Kila kitu kiwe na mahali pake, pa aina yake tu, na picha juu yake. Na nianze kwa kinyume: nipange vyote mimi, nimwachie kimoja cha mwisho akitie yeye, nimsifu. Kesho viwili. Keshokutwa vitatu. Nikamuuliza kama kuna kitabu cha mambo hayo. Akacheka, akaniambia kitabu changu kiko nyumbani kina miaka saba.

Bi Biasha akanipa makopo ya maziwa ya unga. Nikachora picha, nikazibandika. Hapa ninakiri kwamba mimi si mchoraji. Samaki wangu alitoka kama ndara, na Tahir, kwa haki kabisa, akatia ndara ya Bibi. Bibi alitafuta siku mbili akitembea na moja. Nikachora upya, nikamwekea samaki magamba. Nikawa nashika samaki wa mwisho, nasema, "Samaki, kwao," namwachia yeye atie. Siku ya nne alinyoosha mkono kabla sijamaliza, akamtia mwenyewe, akasema, "Kwao."

Ndiyo, dada. Neno jipya, la kwanza tangu ulipoondoka. Nilitaka kukupigia saa ile ile, lakini nilijua nitasema "salama" mara nne.

Basi kupanga akakujua. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, nacho ni kuacha kucheza. Kila nilipomwambia mchezo umekwisha ilikuwa kama nimemzimia taa. Nikajaribu saa ya ukutani, nikajaribu kuhesabu kumi, nikajaribu kengele ya baiskeli ya Junaid. Siku zilikuwa zimefika kumi na tisa, na Bibi alikuwa anazihesabu kwenye tasbihi.

Siku ya ishirini Bi Biasha alisoma maulidi nyumbani kwake. Tukashuka sote. Mimi nilikaa karibu na mlango kama kawaida yangu, na Tahir mapajani, nikijiandaa kwa ile sehemu ya kuondoka, ambayo unaijua: sisi hatuondoki mahali na Tahir, tunambeba kama gunia. Wakala, wakanywa chai, kisha chetezo kikapita. Kila mwanamke akafungua kanga akaingiza moshi wa udi, akanyunyiziwa marashi, akasimama. Huna haja ya kufundishwa. Udi ukishapita hakuna anayekaa tena, hata Bi Biasha akiwa kwa watu huondoka, na akiwa kwetu ndiyo maana Bibi huwa anamfukizia mapema. Nikainama kumbeba gunia langu, nikakuta hayupo. Tahir alikuwa amesimama, amekwenda mlangoni, amechomoa viatu vyake katika viatu vya watu arubaini, amevaa, na anasubiri. Kimya. Mtoto yule amekwenda hafla ngapi begani kwako? Kumbe muda wote alikuwa anatazama, akasoma kanuni ambayo sisi tunaifuata bila hata kuijua.

Kesho yake nikamuomba Bibi kile chetezo cha udongo kilichopasuka mdomo. Akaniuliza nakitakia nini, nikasema cha shule. (Hilo nalo nisamehe.) Sikutia moto hata siku moja, usiogope. Niliweka kipande kidogo cha udi kikavu, cha kunusa tu. Tahir alipokuwa katikati ya mchezo nikaja nacho polepole, nikakipitisha juu ya magari, juu ya samaki, juu ya vikombe, kama wageni waheshimiwa. Akanyamaza. Akanusa. Kisha akainuka, akachukua lile gari la polisi, akasema, "Kwao," likaingia koponi. Likafuata la pili. Alikwenda hivyo mpaka mwisho bila chozi, akabakia twiga. Twiga alikataa. Nikafikiri sana, nikakumbuka kwamba kwenye maulidi mgeni wa heshima alipewa mkono na mwenye nyumba na kusindikizwa mlangoni. Ndipo ulipoanza mkono wangu na twiga.

Kufika siku ya thelathini na tatu Tahir alikuwa anapanga vyote mwenyewe, na chumba kinameremeta. Bibi alikivuka kwenda na kurudi, mara mbili, bila kuwa na anachokifuata upande wa pili. Hakunisifu. Alisema, "Tutaona." Lakini nilimsikia kwenye simu akimwambia Bi Ummkulthum kwamba mtoto siku hizi ana adabu kuliko wakubwa, na Bi Ummkulthum akijibu kwamba hayo atayaamini akiyaona kwa macho yake.

Akaja kuyaona. Siku ya arubaini ilikuwa Jumapili iliyopita. Walikuja watatu, yeye na mawifi zake wawili, na mkononi ana begi kubwa la nguo, tupu. Mzee Ubwa aliyewaendesha aliwashusha mwanzo wa uchochoro, akaenda kutafuta mahali pa kuweka gari. Bi Biasha alikuwa ameshafika kabla yao. Bibi alikuwa ameamka alfajiri kukaanga sambusa, arubaini kamili, na mkate wa kumimina umepanda vizuri kuliko wa Idi. Zilikuwa jikoni zinangojea.

Bi Ummkulthum akakaa, akatazama mstari wa Tahir sakafuni, akasema, "Haya, na apange, tumuone." Wanawake watano wakamtumbulia macho mtoto. Mimi nilijua kabisa kwamba haiwezekani hivyo, kwamba haamrishwi, kwamba kuna mpangilio wake, na maelezo yote nilikuwa nayo kichwani kwa vichwa vya habari. Nikafungua mdomo nikasema, "Yeye kwanza huwa..." Wote wakanigeukia. Nikaufunga. Basi wifi mmoja, kwa wema tu, akaona amsaidie. Akainama akakusanya samaki wawili, gari na kikombe, akavitia vyote kopo moja. Dada, unajua kilichofuata. Alijitupa chini akipiga visigino, na mikono masikioni. Bi Ummkulthum machozi yakamlenga. Sitamsema vibaya, anampenda kwelikweli. Alisema mjukuu wake anateseka na hizi nyumba za kubanana, Kizimbani kuna uwanja, alie atakavyo hakuna wa kumtazama. Akanipa lile begi. "Nusrat mwanangu, hebu kamkusanyie nguo zake."

Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa anaviringa pindo la kanga yake.

Nilikwenda chumbani nikatoa mashati matatu. Nikayakunja, nikayakunjua. Halafu nikaingia jikoni. Sinia la sambusa lilikuwa limefunikwa kawa, birika limechemka, na pembeni chetezo cha shaba kimesuguliwa, tayari kwa mwisho wa ziara. Nikatia makaa. Nikafungua mkebe wa udi, tena ule wa harusi ambao Bibi hataki hata uguswe, nikamimina. Kisha nikaingia nao kwa wageni, kabla ya chai, kabla ya sambusa, kabla hata ya maji.

Bi Ummkulthum alikuwa katikati ya neno. Moshi ukamfika, naye akafanya ambavyo kila mtu hufanya: akafungua buibui akaupokea, macho yamemtoka. Huwezi kuukataa udi. Mawifi wakapokea. Bi Biasha akapokea huku akisema, "Hee! Mbona mapema leo?" Na chini sakafuni kelele zikakatika kama redio iliyochomolewa.

Tahir akaketi. Akanusa. Akafuta pua kwa mkono, akasimama. Kwanza akamwaga lile kopo lililochanganywa, akatenganisha, samaki kwao, gari kwao, kikombe kwao. Kisha mstari mzima, mbele ya macho yao, bila mtu kumgusa wala kumwambia. Sakafu ikabaki mkeka mtupu. Nilimpa twiga mkono, na hata haya sikuona. Wifi mmoja alisema, "Mashaallah." Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kukiri.

Lakini udi ulikuwa wa kweli safari hii, na Tahir ni mtu wa kanuni. Akatazama chumba, akaona kuna vitu bado havijaenda mahali pake. Akachukua mkoba wa Bi Ummkulthum akamwekea mapajani. Akamshika mkono akamvuta. "Kwao." Akampeleka mpaka mlangoni, akamtafutia viatu vyake, akaviweka mbele ya miguu, cha kulia kulia na cha kushoto kushoto. Akarudi kwa mawifi. "Kwao." "Kwao." Hakukosea kiatu hata kimoja. Wanaheshimu udi, na mtoto ameshawavalisha viatu; watafanya nini? Bi Biasha alijaribu kueleza kwamba yeye ni jirani. Alipewa mkono kama twiga akashushwa ngazi mpaka kwake. Mwisho Tahir akaliokota begi la nguo, na mashati matatu sikuwa nimeyatia, akalishusha chini akampa Bi Ummkulthum mkononi. Mzee Ubwa ndiyo kwanza anafika kwa miguu kutoka alikoweka gari, mbali kweli. Kuwaona wote wamesimama uchochoroni akauliza nani amefariki.

Bibi alirudi jikoni, akafunua sinia, akazitazama sambusa zake arubaini. Akala moja akiwa amesimama. Tulizila siku tatu.

Sasa habari hii imeenea mji mzima, kwa juhudi za Bi Biasha. Kila mtu anasema Nusrat amepotelea katika vitabu hata hajui udi unakuja mwisho. Muuza samaki wa Darajani ameniuliza kama mimi ndiye yule wa udi. Bibi amempigia mkweo kumuomba radhi, akasema mjukuu wake amekosea mpangilio, akili yake iko kwenye mitihani. Mimi nikanyamaza, nikaacha wacheke. Kudhaniwa mjinga ni rahisi, haihitaji kuzungumza.

Sikukosea, dada. Nilijua udi unakuja lini tangu nina miaka mitano. Nilitaka Tahir atulie na apange, hilo kweli, lakini siwezi kukudanganya kwamba nilitaka hilo tu. Nilitaka waondoke. Mdomo wangu haukuweza kumwambia mkweo hapana, nikamwambia kwa chetezo. Nimewatoa wakubwa zangu katika nyumba ya Bibi yangu bila hata funda la maji, na kazi ya kuwatoa nimemwachia mwanao aifanye.

Na bado nisingelisema, ila Jumatano Bi Ummkulthum alipiga tena. Alimwambia Bibi kwamba mimi amenisamehe kwa ujinga wangu, lakini mtoto anayefukuza wageni kwa mkono hajafunzwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumchukua. Atakuja Jumamosi na begi lile lile. Nilikuwa nimesimama pale pale ubavuni mwa kabati. Kumbe ukimya wangu ulikuwa unamwangukia Tahir.

Basi nitakueleza nilichofanya, bila kupamba. Jana asubuhi nilikaanga sambusa ishirini peke yangu. Nane zilipasuka. Nikamvisha Tahir, nikatia makopo yake na twiga ndani ya mkoba, nikamwambia Bibi tunakwenda Kizimbani kabla hatujafuatwa. Bibi alinitazama, akanifungia sambusa zile nzima kwenye kitambaa, akasema nisisahau kuamkia.

Bi Ummkulthum alikuwa uani na wanawake wengine wawili, wamekaa kwenye jamvi wanachambua karafuu. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, nikasema yote kwa pumzi moja nikitazama vidole vya miguu yangu: kwamba udi niliutanguliza kwa kusudi, kwamba Tahir hakumfukuza mtu, anafuata tu kile ambacho wakubwa wote hufanya, na aliyekosa adabu ni mimi. Nikasikia mtu anacheka, nikadhani ni mmoja wa wale wawili. Alikuwa ni yeye. Akasema ule udi ulikuwa mzuri mno kuwa wa bahati mbaya. Akasema pia kwamba siku ile hakula tangu asubuhi, alikuwa anaziwekea nafasi sambusa za Bibi yetu, na kurudi amekula muhogo wa kuchoma kwenye gari la Ubwa, na kama kuna kitu hatakisahau maishani basi ni muhogo ule. Nikampa zangu. Alisema hazina chumvi. Alikula tano.

Tulipogeuka, Tahir alikuwa amekaa kwenye jamvi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa anachukua shada, anatenga karafuu upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande ule, haraka, na hakuna konyo hata moja lililopotea kwenye karafuu. Wanawake wale waliacha kazi wakawa wanamtazama yeye. Bi Ummkulthum alichota rundo lake, akalipitisha vidoleni, akalitafuta kosa. Hakulipata.

Jua lilipopinda akaniuliza, kwa sauti ya chini, sasa ukitaka aache unafanyaje asilie. Lilikuwa swali kamili, dada, kama la mtihani, na jibu nilikuwa nalo. Nikamweleza yote: kopo la kila aina, picha, kuanzia mwisho, neno la kwao, chetezo kisicho na moto, twiga. Nilizungumza mpaka chai yangu ikapoa, mbele ya watu wazima watatu, na hakuna aliyenikatiza.

Akainuka akaingia ndani. Alirudi na chetezo chake, kinafuka. Akakipitisha juu ya karafuu, akakipitisha juu ya makonyo, akakipitisha juu ya mkoba wa makopo. Kisha akakileta mbele ya Tahir na mbele yangu. Nikafungua mtandio nikaupokea moshi. Akasema, "Haya, karafuu kwao, makonyo kwao, na Tahir kwao mjini kwenye skuli yake." Akasema Jumamosi za msimu wa karafuu tumlete, kwani ana kazi hapa. Hakuna aliyelitaja begi.

Tahir alitia karafuu kwenye kikapu na makonyo kwenye gunia. Akavaa viatu. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akarudi akampa bibi yake mkono, akasema kwa sauti yangu mimi, ile ya kila jioni, "Karibu tena. Tusalimie wa kwenu."

Bi Ummkulthum akageuza uso upande wa jiko. Mimi nikachukua mkoba, nikaaga, nikamshika Tahir mkono, tukarudi nyumbani. Nikamwambia Bibi kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka jikoni, akanikalisha mbele ya unga, na nimekaanga sambusa tangu jana jioni mpaka leo mchana, mpaka ilipopatikana sahani nzima isiyopasuka. Ndiyo maana barua hii ina mafuta kwenye pembe.

Bibi anakusalimu sana na anasema usome kwa bidii. Yeye hajui ninayokuandikia, amesema tu, "Mwandikie dada yako usimfiche kitu," kwa hiyo pengine anajua. Bi Biasha anakusalimu, yuko hapa tangu adhuhuri, na Tahir ameanza kukitazama chetezo. Nisalimie wenzako wote wa darasani. Ukijibu, mwandikie Tahir mstari wake peke yake na mchoree samaki, ila mwekee magamba.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Nusrat